Jerry Rice: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu risiva namba 80

Kila nikimtaja Jerry Rice mbele ya watu wa soka au basketi napigwa maswali yaleyale, na kila mara naanza kueleza upya mpaka sauti inakauka, kwaiyo nimeamua kuyaweka yote sehemu moja. Mi naifuatilia NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kwa miaka sasa, mechi za Jumapili zikianza saa mbili usiku kwa saa zetu naangalia, zile za alfajiri naangalia marudio kesho yake. Na huyu jamaa kwangu ndo mchezaji bora kuwahi kuvaa helmeti, najua wengine watabisha, hamna shida.

Kwanza kabisa, risiva ni nani? Mi najua soka tu.

Sawa, tuanze hapo. Kila timu inaingiza watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yadi moja ni kama sentimita 91 ivi, wakifikisha wanapewa mengine manne, wakishindwa mpira unaenda kwa wapinzani. Anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira anaitwa kwotabeki. Risiva ni yule anayesimama pembeni kabisa karibu na mstari, mpira ukianza tu anatimka, anamkwepa beki aliyepewa kazi ya kumganda, afu anadaka pasi. Akiudaka mpira ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, au akaudaka kabla na kukimbia nao mpaka humo, hiyo ni tachidauni, pointi 6.

Ukitaka kuelewa ugumu wake fikiria winga wa soka ambaye pasi anapigiwa akiwa bado hajageuka, anatakiwa aidake kwa mikono kama kipa, na sekunde hiyohiyo kuna mtu wa kilo 90 anakuja speed kumbamiza mgongoni. Ndo kazi ya kila siku hiyo.

Kwa nini Jerry Rice na sio hawa wa saiv?

Kwa sababu namba zake hazina mfano kwenye mchezo ule. Misimu 20, kuanzia 1985 mpaka 2004. Mechi 303. Alidaka pasi 1,549 kwa jumla ya yadi 22,895, na tachidauni 208, ambapo 197 ni za kudaka. Hizo yadi ukizigeuza unapata karibu kilomita 21, yaani nusu marathoni, aliyoipata kipande kwa kipande huku watu wakijaribu kumvunja.

Anayemfuatia kwa yadi ni Larry Fitzgerald, nae ni gwiji kabisa, alicheza misimu 17 pale Arizona na akaishia 17,492. Pengo ni yadi 5,403. Kwenye NFL risiva akifikisha yadi 1,000 kwa msimu anahesabika kafanya vizuri, sasa mtu wa pili kwenye historia nzima angehitaji misimu mingine mitano ya namna hiyo na bado asingemfikia.

Katokea wapi? Ni kweli alikua anadaka matofali?

Ni kweli, na hapa ndo napapenda kuliko sehemu zote za maisha yake. Kazaliwa tarehe 13 Oktoba 1962 Starkville, Mississippi, akakulia Crawford, kakijiji kadogo cha barabara za vumbi. Baba yake, Joe Nathan Rice, alikua fundi wa kujenga kwa matofali, na watoto walikua nane. Likizo za kiangazi watoto wa kiume wanaenda saiti na mzee. Jerry alikua saidia fundi kama huku kwetu tunavyosema, anasimama juu kwenye jukwaa, ndugu zake wako chini wanamrushia matofali na yeye anayadaka.

Jua la Mississippi sio mchezo, na tofali sio mpira, ukilidaka vibaya linakuchana vidole au linakuangukia mguuni. Kwaiyo lazima uangalie kitu mpaka kiguse kiganja, lazima mikono iwe laini wakati wa kupokea, huwezi kukaza. Makocha wa risiva duniani kote wanahangaika kufundisha kitu hichohicho, yeye alikijua akiwa mtoto sababu mzee alikua anasubiri tofali lifike ukutani. Alikuja kusema mwenyewe kwamba kazi ile ndo ilimfundisha maana ya kujituma, na mi naamini kila neno. Mtu aliyewahi kukaa saiti siku nzima chini ya jua hatashangaa mazoezi ya mpira.

Kitu kingine, alikua anakimbiza farasi kwenye malisho ya jirani ili ampate mmoja ampande. Mtoto anakimbiza farasi kwa miguu! Na safari za shule na za marafiki ni mbio kwenye barabara ya vumbi. Hakuna gym hapo wala kocha wa viungo.

Ni kweli alianza mpira kwa sababu ya kutoroka darasani?

Ndio. Alikua anasoma B.L. Moor High School. Siku moja katoroka kipindi, mwalimu mkuu msaidizi akamnyemelea kwa nyuma, Jerry kushtuka akachomoka mbio za ajabu. Walipomkamata alipewa adhabu yake, lakini yule mwalimu akaenda kumwambia kocha wa mpira kwamba kuna kijana hapa ana mbio sio za kawaida. Mama yake hakutaka kabisa acheze, aliona ni mchezo wa kuumizana tu, na mwanzoni alimkatalia. Baadae akalegeza. Mama zetu wote wako hivyo.

Kwa nini alienda chuo ambacho hakuna anayekijua?

Hapa lazima mjue historia kidogo. Mississippi ya wakati ule, kijana mweusi kutoka shule ndogo ya kijijini hakua akitazamwa na vyuo vikubwa. Vyuo vikubwa vya mpira havikumfuata kwa maana ya kumfuata. Aliyemfuata ni Archie Cooley, kocha wa Mississippi Valley State, chuo cha watu weusi kilichopo Itta Bena, huko kwenye mashamba ya pamba ya Delta.

Na bahati yake ndo ilikua hapo, sababu Cooley alikua na mawazo ambayo wenzie walikua hawajayafikia. Wakati timu nyingi zinapenda kukimbia na mpira, yeye anapanga marisiva wengi uwanjani kwa wakati mmoja, hakuna kukaa kikao kati ya jaribio na jaribio, ni kurusha tu. Kwotabeki alikua Willie Totten. Msimu wa 1984 timu ilikua inafunga pointi zaidi ya 60 kwa mechi kwa wastani, sijakosea kuandika, zaidi ya sitini. Rice mwaka huo peke yake alidaka tachidauni 27. Walimpa jina la utani "World", yaani hakuna mpira duniani ambao hawezi kuudaka. Kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, alishika nafasi ya 9, na kwa mtu wa chuo kidogo kama kile hilo ni jambo kubwa sana. Leo uwanja wa chuo unaitwa Rice-Totten Stadium, jina la kijana aliyerusha na la kijana aliyedaka, pamoja.

Alifikaje San Francisco 49ers?

Kocha wa 49ers, Bill Walsh, alikua Houston na timu yake mwaka 1984, usiku yuko hotelini anaangalia TV, wakaonesha vipande vya mechi za vyuo na akamuona huyu kijana wa Mississippi Valley. Toka siku ile hakumtoa akilini.

Shida ni kwamba 49ers walikua ndo wametoka kuchukua ubingwa, na kwenye drafti, ambapo timu zinachagua wachezaji wapya wa vyuo kwa zamu, bingwa anachagua mwisho, walikua nafasi ya 28. Walsh alijua mpaka ifike zamu yake kijana atakua ameshaondoka. Kwaiyo siku ya drafti 1985 akafanya biashara na New England Patriots, akawapa nafasi zake kadhaa ili apande mpaka ya 16, akamchukua Rice. Marisiva wawili walikua wameshachaguliwa mbele yake mwaka ule, Al Toon na Eddie Brown, na wote walicheza vizuri tu kwenye ligi, sio kwamba waliowachukua walikosea sana. Ila hakuna aliyejua.

Nimesikia mwanzoni alikua anaangusha mipira hovyo, ni uzushi?

Sio uzushi. Msimu wa kwanza aliangusha pasi nyingi na mashabiki wa nyumbani pale uwanja wa Candlestick Park walimzomea. Mfumo wa Walsh ulikua mgumu, risiva anatakiwa awaze huku anakimbia, abadilishe njia kulingana na beki alivyosimama, na kijana akili ilikua bado iko kwenye kitabu wakati mpira umeshafika mikononi. Alikua analia, kasema mwenyewe.

Afu mwezi Desemba, mechi ya Jumatatu usiku dhidi ya Rams, akadaka pasi 10 kwa yadi 241. Kuanzia hapo hakuna aliyemzomea tena. Alimaliza msimu na pasi 49 na yadi 927, na mwaka uliofuata, 1986, akapata yadi 1,570 na kuongoza ligi nzima.

Alikua na spidi kiasi gani?

Swali hili naulizwa kila wiki, na jibu linawashangaza watu. Kwa saa, kwenye zile mbio za yadi 40 ambazo maskauti wanazipenda, hakua wa kutisha. Kulikua na marisiva kibao wenye spidi kuliko yeye. Lakini akishaukamata mpira na mbele pako wazi, hakuna anayemfikia. Kuna watu wanakimbia vizuri wakiwa na kaptura kwenye tracki na kuna watu wanakimbia vizuri wakiwa na mpira kwapani na beki nyuma, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na spidi yake haikushuka. Robo ya nne, dakika ya mwisho, mabeki ndimi nje, yeye bado anakimbia kama ndo mechi imeanza. Ambacho kinanileta kwenye swali linalofuata.

Kile kilima alichokua anapanda kwa mazoezi ni nini?

Kipo kwenye hifadhi ya Edgewood, karibu na San Carlos, California, kusini ya San Francisco. Njia ya kupanda ya maili mbili na nusu, kama kilomita 4. Kipindi ligi imefungwa na wenzake wako likizo, Rice alikua anaenda pale kupanda mbio, mwanzoni akiwa na Roger Craig, yule mkimbiaji wa 49ers ambae nae alikua mtu wa mazoezi haswa. Wachezaji wengine wa ligi walikua wanakuja kujaribu kufanya nae mazoezi, wengi siku ya kwanza tu wanatapika na kesho hawarudi.

Mazoezini na timu ilikua vilevile. Mchezaji wa kawaida akidaka pasi ya mazoezi anaenda hatua kadhaa, anarudisha mpira, anarudi kwenye foleni. Rice akidaka, hata kama ni pasi ya yadi 5, anakimbia nayo mpaka eneo la mwisho, kila pasi, kila siku, miaka 20. Wachezaji wapya walikua wanashangaa mpaka nao wanaanza kuiga. Mi nikiulizwa siri yake sijibu mikono wala mbio, najibu hii.

Sawa, ila kiufundi alikua na nini cha ziada?

Ruti. Ruti ni njia ambayo risiva anatakiwa aifuate kwa jaribio fulani, labda ukimbie yadi 12 ukate kuelekea ndani, au uende moja kwa moja, au usimame ghafla ugeuke. Pasi inarushwa kabla risiva hajageuka, kwotabeki anarusha sehemu ambayo risiva ATAKUA, sio aliyopo. Ukichelewa hatua moja mpira unadakwa na adui.

Rice hakua anachelewa. Na kitu cha hatari zaidi, ruti zake zote zilikua zinaanza sawa, kichwa kilekile, mabega yaleyale, spidi ileile, beki hajui kabisa ni ipi inakuja mpaka jamaa ameshakata. Ile anayokata ndani kwa mshazari ndo ilikua sumu yake kubwa. Joe Montana, kwotabeki wa 49ers, anamrushia pasi fupi kifuani akiwa kwenye mbio kamili, hapunguzi hata kidogo, pasi ya yadi 6 inageuka tachidauni ya yadi 60.

Na alikua anazuia pia, watu wanasahau. Mwenzake akiwa na mpira, Rice anaenda kumsukuma beki amtoe njiani. Kazi chafu hiyo, haina takwimu, mastaa wengi hawaitaki.

Alichukua Super Bowl ngapi?

Super Bowl ndo fainali ya NFL. Alichukua tatu, zote na 49ers.

Ya kwanza Januari 1989, Miami, dhidi ya Cincinnati Bengals, wakashinda 20-16. Pasi 11, yadi 215, tachidauni 1, akawa mchezaji bora wa fainali. Mwaka uliofuata, Januari 1990 pale New Orleans, waliwachakaza Denver Broncos 55-10, nae akafunga tachidauni 3. Hiyo mechi iliisha mapema, sina la kuongeza. Ya tatu Januari 1995, dhidi ya San Diego Chargers, 49-26, hapo Montana ameshaondoka na kwotabeki ni Steve Young, aliyerusha tachidauni 6 usiku ule. Rice alidaka 3 kati ya hizo huku bega limeumia, alitoka nje akatibiwa akarudi.

Alicheza fainali ya nne akiwa na Oakland Raiders, timu aliyohamia baadae, Januari 2003, wakafungwa 48-21 na Tampa Bay. Hata hiyo alifunga. Ukijumlisha zote nne ni yadi 589 na tachidauni 8, na hakuna aliyemfikia kwenye Super Bowl kwa vyote viwili.

Msimu wake bora ni upi?

Wengi watakwambia 1995, alipopata yadi 1,848, rekodi iliyokaa mpaka 2012 Calvin Johnson alipofikisha 1,964. Usiku mmoja wa Desemba mwaka huo alipata yadi 289 dhidi ya Minnesota.

Mi nachagua 1987. Mwaka huo wachezaji walifanya mgomo, kwaiyo Rice alicheza mechi 12 tu. Kwenye mechi hizo 12 alidaka tachidauni 22. Aliyeshika nafasi ya pili ligi nzima kwa kudaka tachidauni alikua na 11, nusu kamili. Randy Moss aliivunja rekodi hiyo 2007 kwa kufikisha 23, na namheshimu sana Moss, ila alikua na mechi 16.

Hizo rekodi zitavunjwa?

Za msimu mmoja zimevunjwa na zitaendelea kuvunjwa. Ligi imebadilika, timu zinarusha mpira mara nyingi zaidi, toka 2021 msimu una mechi 17, na sheria za kumlinda risiva zimekaza sana. Wakati wa Rice beki alikua na ruhusa ya kukusukuma na kukugonga kwa namna ambayo leo ni faulo ya wazi.

Lakini zile za jumla sioni. Sio kwa sababu hakuna wenye vipaji, vipo vingi, tena vinatisha. Ni huo muda. Wachezaji wengi wa NFL hawafikishi hata misimu 5. Ili umfikie yadi zake unatakiwa upate yadi 1,500 kila msimu kwa miaka 15 na bado utakua umepungukiwa kidogo. Kwa tachidauni zote kwa ujumla wa pili ni Emmitt Smith mwenye 175, na huyo alikua mkimbiaji, mtu anayepewa mpira mkononi mara 20 kwa mechi. Risiva anaweza kukaa robo nzima hajaguswa na pasi hata moja.

Hakuwahi kuumia?

Kwa misimu 12 ya kwanza hakukosa mechi hata moja kwa jeraha. Afu ikaja Agosti 31, 1997, mechi ya kwanza ya msimu, Tampa. Rice anakimbia na mpira, Warren Sapp wa wapinzani akamshika kwenye nondo za helmeti na kumvuta chini, goti la kushoto likajipinda, ligamenti ikachanika. Watu wengi hukaa karibu mwaka mzima.

Yeye alirudi Desemba 15. Miezi mitatu na nusu! Ilikua usiku ambao klabu inastaafisha jezi ya Joe Montana, na naamini kabisa hakutaka kuukosa. Akadaka tachidauni, akatua vibaya, kifupa cha goti lilelile kikavunjika. Nikiangalia marudio ya tukio lile bado naumia. Alikosea kurudi mapema, hilo nalisema japo nampenda. Lakini 1998 alirudi tena na akapata yadi 1,157.

Kwa nini aliondoka San Francisco?

Umri na hesabu. NFL ina kiwango cha juu cha mishahara kwa timu nzima, na 49ers walikua wanajenga upya huku Terrell Owens ameshakua risiva wao mkuu. Desemba 2000, mechi ya Rice ya mwisho nyumbani, siku ambayo uwanja mzima umekuja kumuaga, Owens alidaka pasi 20, rekodi ya ligi wakati huo.

Akavuka daraja tu, akaenda Oakland Raiders mwaka 2001. Watu walidhani anaenda kumalizia pensheni. Mwaka 2002, akiwa ametimiza miaka 40, alidaka pasi 92 kwa yadi 1,211 na kuisaidia timu kufika fainali, na ndani ya msimu huohuo akawa mtu wa kwanza kufikisha tachidauni 200. Miaka arobaini ndugu zangu, kwenye mchezo ambao watu wanastaafu na 28.

Ile kashfa ya gundi kwenye glovu vipi?

Siikwepi. Mwaka 2015 kwenye mahojiano ya TV alikiri kwamba alikua anaweka gundi ya kupulizia kwenye glovu zake ili mpira unate. NFL ilishapiga marufuku gundi hizo toka 1981, kabla hajaingia ligi. Yeye alijitetea kwamba wachezaji wote wa enzi zake walikua wanafanya hivyo, na wenzake kadhaa wakajitokeza kukataa, wakasema wao hawakufanya.

Msimamo wangu: alikosea, sheria ni sheria, na kusema wote walifanya sio utetezi. Iliniuma kusikia. Ila glovu wanazovaa marisiva wa leo, ambazo zinaruhusiwa, zinanata sana, na gundi haimfanyi mtu aachane na beki yadi tano wala haimpandishi kilimani mwezi wa nne. Nimelifikiria sana na bado namuweka namba moja, wewe ukimshusha nafasi kwa hilo nitakuelewa.

Alistaafu lini? Na ule mkataba wa ajabu wa dola?

Oktoba 2004 Raiders walimpeleka Seattle Seahawks. Kule namba 80 ilikua imestaafishwa kwa heshima ya Steve Largent, ila Largent akaruhusu aivae. Desemba, akiwa na miaka 42, akawapiga Dallas yadi 145 kwenye mechi ya Jumatatu usiku. Kiangazi cha 2005 akaenda kambi ya Denver, akaona atakua risiva wa akiba tu, na Septemba 5, 2005 akatangaza basi.

Mwaka 2006 49ers wakampa mkataba wa siku moja ili astaafu kama mchezaji wao. Kiasi kilichoandikwa ni dola 1,985,806.49. Soma kwa makini: 1985 mwaka aliochaguliwa, 80 namba ya jezi, 06 mwaka anaostaafu, 49 jina la timu. Hela yenyewe hakulipwa, ilikua heshima tu, lakini mi nikiiona ile namba nasisimka.

Aliwahi kusema nini kilikua kinamsukuma?

Aliingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu huko Canton, Ohio, tarehe 7 Agosti 2010, kwa kura ya kwanza kabisa, siku moja na Emmitt Smith. Kwenye hotuba yake hakujisifia. Alisema kilichomsukuma miaka yote ni hofu ya kushindwa, kuwaangusha watu. Na akasema anajutia kitu kimoja tu, kwamba hakuwahi kutulia akafurahia safari yenyewe.

Mi nimesikiliza kile kipande mara nyingi. Mtu ana pete tatu za ubingwa, ana kila rekodi, anakwambia hakufurahia. Ni yule saidia fundi ambae tofali moja likimponyoka anajua mzee ameona.

Ana watoto wanaocheza?

Brenden Rice, nae risiva, alichaguliwa na Los Angeles Chargers raundi ya 7 ya drafti ya 2024. Jerry Rice Jr. nae alicheza nafasi hiyohiyo chuoni. Jina zito sana kubeba, tuwaache wacheze mpira wao.

Kuna mtu wa huku kwetu aliyewahi kufika NFL?

Mkenya Daniel Adongo, alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huu hata siku moja. Sio risiva, alikua beki, na aliingia uwanjani kweli.

Nikitaka kumuangalia nianze na mechi gani?

Fainali ya Januari 1989, na kama huna muda anza dakika tatu za mwisho. 49ers wako nyuma 16-13, wana mpira yadi 8 tu kutoka mstari wao wenyewe wa mwisho, inabidi watembee yadi 92. Fungua macho kwenye jaribio lile wanahitaji yadi 20 baada ya faulo, Rice anakatiza katikati ya mabeki watatu, anadaka, anapata 27. Muda wa mechi hiyo kifundo cha mguu kilikua kinamsumbua toka mazoezini, usingejua.

Afu angalia jaribio la mwisho, zimebaki sekunde 39. Kabla mpira haujaanza Rice anatembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na macho ya mabeki yanamfuata. Montana anamrushia John Taylor, yadi 10, tachidauni, bingwa. Rice hakuugusa mpira. Rudisha nyuma uangalie tena, safari hii usimuangalie Taylor, muangalie namba 80 anavyovuta macho ya mabeki.